Kilomita 13 kwa Lita, kwa Kreti Ngapi?

Katika hoteli ndogo ya chai pale Kagio, dereva wa pikapu ya kubebea nyanya aliniwekea mezani vitu viwili: kijitabu alichopewa siku aliponunua gari, na rundo la risiti za dizeli za wiki mbili. Kijitabu kilisema gari linaenda kilomita 13 kwa lita. Risiti zilisema tisa, siku nzuri kumi. "Injinia," aliniambia, "ama hili gari linaumwa, ama nilidanganywa."

Tulifungua boneti, tukapima upepo wa tairi, tukatazama moshi. Gari lilikuwa zima. Na ile 13 ilipimwa kweli, ila ilipimwa mahali pasipo na nyanya, tuta wala mlima.

Gari linalopimwa rasmi haliendi barabarani. Hupandishwa juu ya silinda za chuma zinazozunguka ndani ya chumba chenye joto lililodhibitiwa, na dereva hufuata mstari kwenye skrini unaomwambia sasa kanyaga, sasa punguza. Jaribio la zamani la Ulaya, NEDC, lilikuwa la kilomita 11 kwa dakika 20, kwa wastani wa kilomita 33.6 kwa saa. Lile la zamani la Japani, lililoitwa 10-15, lilikuwa fupi zaidi: kilomita nne na ushei, na gari halikuzidi kilomita 70 kwa saa. Watengenezaji walilizoea jaribio kama mwanafunzi anavyozoea karatasi za mitihani iliyopita. Shirika la utafiti la ICCT lilikuta kwamba huko Ulaya pengo kati ya namba rasmi na matumizi ya kweli lilipanda kutoka asilimia 9 hivi mwaka 2001 hadi 42 mwaka 2015. Tangu 2017 Ulaya imehamia WLTP, jaribio la kilomita 23 ambalo kasi yake hufika 131 kwa saa. Ni bora kwa mbali, lakini pengo halijafa: magari ya abiria yaliyosajiliwa huko 2021, yaliposomwa kwa kifaa kilichomo ndani yake, yalikutwa yakizidi namba rasmi, ya petroli kwa asilimia 23.7 na ya dizeli kwa asilimia 18.1.

Hayo ni magari ya abiria. Kwa pikapu kuna jambo zito zaidi, nalo ni uzito wenyewe. NEDC iliongeza kilo 100 tu juu ya gari tupu: dereva na kifurushi chake. Marekani huongeza kilo 136, na pikapu kubwa ambayo uzito wake pamoja na mzigo unaruhusiwa kuzidi kilo 3,856 haiwekewi kabisa kibandiko cha matumizi ya mafuta. WLTP inajitahidi, kwa magari ya mizigo huongeza asilimia 28 ya mzigo unaoruhusiwa, yaani kama kilo 280 kwa pikapu ya tani moja. Nani Kagio amewahi kuondoka sokoni na kilo 280?

Tufanye hesabu ya mlima. Gari na nyanya zake ni tani tatu. Kutoka Sagana, kupitia Kibirigwi na Karatina hadi Nyeri, tuchukue kwamba linapanda mita 500. Kuinua tani tatu mita 500 kunahitaji megajuli 15 hivi. Lita ya dizeli ina megajuli 36, lakini theluthi moja tu ndiyo hufika kwenye magurudumu, yaani 12. Kwa hiyo lita moja na robo imetumika kupanda tu, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa barabara. Ukirudi utateremka, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya ile nguvu utaiacha kwenye breki kama joto.

Na matuta! Kila mara gari la tani tatu linapokaribia kusimama na kurudi kilomita 60 kwa saa, linachoma mililita 35 hivi kurudisha mwendo uliopotea. Matuta 28, lita moja imekwenda. Silisemi hili ili matuta yaondolewe. Yamewekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka kwenda shule. Nasema anayeliona tuta mapema na kuachia mafuta taratibu anaokoa zaidi ya yule anayenunua dawa ya kutia kwenye tenki.

Upepo nao una kodi yake. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, nguvu ya upepo inayolisukuma gari nyuma inakaribia kuwa maradufu, na kreti zilizopangwa juu kuliko kabini zinaongeza ukuta wa kusukuma. Katika hili huku juu tuna nafuu kidogo, kwa sababu hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hewa hiyohiyo huziumiza Hilux za zamani za dizeli zisizo na tabo: pampu inaleta mafuta yaleyale, hewa haitoshi, na ule moshi mweusi unaouona mlimani ni dizeli uliyoilipia ikitoka bila kuungua sawasawa.

Kuna zoea moja linalonisumbua moyoni. Kwenye mteremko wa Karatina madereva wengi hutoa gia na kuacha gari liserereke lenyewe, wakiamini wanaokoa. Katika injini ya kisasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hufunga dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inapaswa kuunguza dizeli ili isizimike, na breki peke yake ndiyo inabeba tani tatu. Tafadhali, acheni gia ndani.

Rafiki yangu wa Kagio alitaka kujua tisa yake ni hasara kiasi gani. Kwa kilomita 110 za kwenda soko la Marikiti, Nairobi, tofauti ya 13 na tisa ni karibu lita 3.8. Dizeli ilipofika shilingi 200.99 Nairobi, Septemba 2023, hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 700 kwa kwenda tu. Lakini nilimwomba agawanye kwa njia nyingine. Tuseme anakwenda na kreti 15 kwa kilomita tisa kwa lita, anarudi mtupu kwa 12.5. Safari nzima ni lita 21, yaani lita 1.4 kwa kila kreti. Akienda na kreti nane, gari litafurahi na kumpa kama 10.5, safari nzima itakuwa lita 19.3, na kila kreti itakula lita 2.4. Kilomita kwa lita zimepanda, biashara imeshuka. Namba hiyo ya kreti haimo katika kijitabu chochote, na ndiyo ninayotaka kila mwenye pikapu aijue.

Kuipata kunahitaji daftari tu. Jaza tenki mpaka pampu ijifunge yenyewe, andika kilomita, fanya kazi yako, kisha jaza tena kituo kilekile, pampu ileile. Andika lita, kilomita, kreti, na muda uliosubiri injini ikinguruma. Tenki moja halitoshi. Chukua matatu au manne.

Hatimaye tuligundua jambo lililotuponyoka siku ya kwanza. Alikuwa amefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, na tairi kubwa huifanya mita ihesabu pungufu. Tuliweka simu yenye GPS kwenye dashibodi, tukaenda Embu na kurudi. Kwa kila kilomita 100 za mita, gari lilikuwa limekwenda 104. Tisa yake ilikuwa tisa nukta nne.