Dume Mmoja kwa Mazizi Mengi

Kamati za sharika za Bukoba na Muleba hutuuliza kwa nini mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe usinunue dume mmoja azunguke zizi kwa zizi. Kweli, ni nafuu. Lakini dume huyo aweza kubeba zaidi ya mbegu.

Virusi vya herpesi vya ng'ombe aina ya 1 huleta vidonda ukeni na kwenye uume siku 1 hadi 3 baada ya kupandana. Vidonda hupona kwa wiki 2 hivi, na hapo mfugaji hudanganyika: virusi hubaki vimejificha kwenye neva karibu na uti wa mgongo, huamka mnyama akidhoofika. Ni maabara tu inayovithibitisha. Ute wa kidonda kibichi, uliofika ukiwa baridi, hupandikizwa kwenye seli hai. Seli zikiharibika, virusi hupimwa kwa kingamwili zinazojulikana. Virusi vya farasi vya jamii hiyo vilitengwa hivyo mwaka 1968.

Ndiyo sababu twapendelea uhimilishaji, kwa mbegu za kituo cha taifa cha Usa River. Hata hivyo kugandisha hakuui virusi hivi, hivyo tuulize daima dume alipimwa nini. Jike akiinua mkia na kukojoa mara kwa mara baada ya kupandwa, mwiteni afisa mifugo kabla vidonda havijakauka.