Malezi na Fikra (2): Mtoto Aliyelelewa Ahoji Kila Kitu

Juma lililopita tuliacha swali wazi: mtoto hupata wapi ujasiri wa kukataa jambo ambalo wakubwa wake wote wamekwisha kulikubali? Jibu jepesi ni kwamba ujasiri huo hufundishwa, kama hesabu zinavyofundishwa. Mpe mtoto vitabu bora na mwalimu wa mantiki asiye na huruma, mzoeshe kutoa sababu ya kila analosema, naye akikua atafikiri kwa akili yake mwenyewe. Jibu hilo lilijaribiwa mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyumba moja ya London, kwa ukali ambao hakuna wizara ya elimu ingethubutu kuutumia. Aliyejaribiwa aliandika habari zake kwa mkono wake, zikachapishwa mwaka 1873, miezi michache baada ya kufariki.

Jina lake ni John Stuart Mill, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1806, wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake, James Mill, alikuwa Mskoti, mtoto wa fundi viatu, aliyesomeshwa na wenye uwezo ili awe mhubiri. Imani ilimtoka, naye akahamia London mwaka 1802 kutafuta riziki kwa kalamu. Huko alishikamana na Jeremy Bentham, mwanafalsafa aliyetaka kila sheria na kila desturi ipimwe kwa kipimo kimoja tu, yaani kiasi cha furaha inachowaletea watu. Wote wawili waliamini kwamba tofauti kubwa kati ya mwerevu na mjinga hutokana na malezi, si na kuzaliwa. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. James Mill alikusudia kumkunja huyu kabla hajatoka majini.

Kiyunani alikianza akiwa na miaka 3. Baba yake alimwandikia maneno na maana zake kwenye vikadi, kisha akampa hadithi za Aesop. Alipofika miaka 7 alikuwa anasoma majadiliano ya Plato, na moja kati ya hayo, mwenyewe alikiri baadaye, lingeachwa tu, kwa kuwa hakuna namna angelielewa. Kilatini kilifuata akiwa na miaka 8, na mara moja akapewa kazi ya kumfundisha dada yake anayemfuata. Shule hakwenda kamwe. Alisomea kwenye meza ileile ambapo baba yake alikuwa akiandika historia kubwa ya India, na kwa kuwa hapakuwa na kamusi ya Kiyunani kwa Kiingereza, kila neno asilolijua ilimbidi aliulize. Yeyote aliyewahi kujaribu kuandika nyumbani penye mtoto mdogo atapima maana ya jambo hilo. James Mill hakuwa mtu mvumilivu hata kidogo, lakini kila alipoulizwa aliitua kalamu na kujibu.

Asubuhi, kabla ya chakula, baba na mwana walikwenda matembezi katika vichochoro vya mashamba upande wa Hornsey. Mtoto alikuwa na vikaratasi alivyoandikia aliyoyasoma jana yake, na njiani aliyasimulia. Alipofika miaka 13 mambo yaligeuka: sasa baba ndiye aliyezungumza, akimweleza uchumi wa nchi hatua kwa hatua, na kesho yake mtoto alileta maelezo hayo kwa maandishi. Yasipoeleweka aliyaandika upya, na tena upya. Maandishi hayo ya mtoto yalimfaa James Mill alipotunga kitabu chake cha uchumi kilichotoka mwaka 1821.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atadhani anayafahamu mambo haya. Atakumbuka twisheni za alfajiri na madaftari ya kunakili ubaoni, atakumbuka mtoto anayetapika majibu kwenye mtihani na kuyasahau kabla ya likizo kwisha. Mill mwenyewe anakataa kata kata. Anasema elimu yake haikuwa ya kushindiliwa mambo kichwani. Jambo lolote ambalo lingeweza kugunduliwa kwa kufikiri, baba yake hakumwambia mpaka awe amehangaika nalo hadi mwisho wa uwezo wake. Siku moja, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alisema kwamba jambo fulani ni kweli kwa nadharia ila kwa vitendo linahitaji marekebisho. Baba yake akamtaka aeleze nadharia ni nini. Akashindwa. Ndipo akafafanuliwa, na akaonyeshwa kwamba kama jambo ni kweli kwa nadharia halafu linakataa kwa vitendo, basi nadharia yenyewe ina kasoro. Mtoto alibaki akiamini kwamba duniani hapajapata kuwa na mjinga kama yeye. Natamani mkasa huo ubandikwe kwenye kumbi zetu za semina, ambako maneno hayohayo husemwa kila siku na hakuna anayeulizwa.

Kwa hiyo tusiidharau njia ile. Kumwacha mtoto apambane na swali kabla ya kumpa jibu ni kazi ngumu ambayo walimu wengi hawana muda nayo, na darasa lenye watoto 80 haliiruhusu. Iliyopungua ni nyumba yenyewe. Mill hakuwa na rafiki wa rika lake. Likizo hakupewa, isije ikamzoesha uvivu. Mikono yake ilibaki mizito, asiweze kazi yoyote ya ufundi. Vitabu vya watoto vilikuwa vichache. Robinson Crusoe alikipenda kuliko vyote, na Alfu Lela Ulela ilikuwa ya kuazimwa. Mama yake hatajwi katika kitabu kilichochapishwa, kana kwamba alizaliwa na baba peke yake. Baba naye aliogopwa. Mill anaandika kwa staha kubwa, lakini anakiri kwamba upole na upendo vilikosekana, na kwamba woga una nafasi yake katika malezi ila usiwe ndio msingi.

Mwaka 1820, akikaribia kutimiza miaka 14 na kusafiri kwenda Ufaransa, baba yake alimchukua matembezi katika bustani ya Hyde Park. Akamwambia kwamba atakapokutana na vijana wengine ataona anajua mengi wasiyoyajua wao, lakini sifa hiyo si yake. Amebahatika tu kuwa na baba aliyeweza na aliyekubali kuhangaika naye. Mpaka siku ile kijana hakuwa amejua kwamba ana lolote la ziada. Wengi husimulia kisa hiki kama mfano wa unyenyekevu. Mimi nakisoma vingine: katika elimu yote ile hapakuwa na kitu ambacho mtoto aliruhusiwa kukiita chake.

Alifundishwa kuwahoji wafalme, makabaila na maaskofu. Alipouliza nani aliyeuumba ulimwengu, alijibiwa kwamba swali hilo huzaa lingine, nani aliyemuumba Muumba. Papo hapo akaonywa asiyaseme hayo hadharani. Hakuhoji kitu kimoja tu, mahitimisho ya baba yake, maana alipewa silaha zote pamoja na orodha ya wa kupigwa. Akiwa na miaka 16 aliunda chama kidogo cha vijana cha kuitetea falsafa ya Bentham. Mwaka 1823, bado na miaka 17, aliajiriwa ukarani katika Kampuni ya Mashariki ya India, ofisi ileile ya baba yake, chini ya baba yake. Mwaka uliofuata lilipoanzishwa jarida la wafuasi wa Bentham, naye akawa mmoja wa waandishi wake. Ukimwuliza mtu yeyote London wakati ule nani kijana anayefikiri, angekuonyesha huyu.

Mwaka 1826, majira ya vuli, alijiuliza swali ambalo halikuwamo katika matembezi ya Hornsey. Ikiwa mageuzi yote unayoyapigania, ya sheria, ya bunge, ya elimu, yangetimia sasa hivi, je, wewe ungefurahi? Moyo ukajibu hapana. Akasema kila alichokuwa anaishi kwa ajili yake kimeanguka. Aliendelea na kazi na kuhutubia mijadala, lakini ndani hakuwa na kitu. Leo tungesema amepatwa na sonona. Hakumwambia mtu, na wa mwisho ambaye angemwambia ni baba yake, kwa sababu kufanya hivyo kungekuwa kumjulisha kwamba kazi yake ya miaka 20 imeharibika, pengine pasipo dawa.

Kilichomwinua kilimjia kutoka pembeni. Alikuwa akisoma kumbukumbu za maisha ya Marmontel, mwandishi wa Kifaransa, akafika pale panaposimuliwa kifo cha baba, huzuni ya familia, na mtoto wa kiume anayeahidi kuwa kila kitu kwao. Akalia. Machozi hayo yalimthibitishia kwamba hajawa gogo. Wachambuzi wa baadaye wamepata mengi ya kusema kuhusu kijana yule kulizwa na kifo cha baba wa kitabuni, nami sioni haja ya kuyaongeza. Mwaka 1828 akaanza kusoma mashairi ya Wordsworth, jambo ambalo kwa mafundisho ya Bentham halikuwa na uzito wowote. Akaanza kukaa na watu ambao baba yake angewaona wapotovu wa fikra. Mmoja wao, John Sterling, alimweleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wamemchukulia kama mtu aliyetengenezwa kiwandani na kupigwa mhuri wa maoni.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kufikiri kwake mwenyewe kulipoanza, akiwa na miaka zaidi ya 20 na hazina ya elimu ambayo wengi hawaifikii maisha yao yote. Mantiki alikuwa nayo tangu utotoni, ila alikuwa hajapata swali ambalo limemuuma yeye. Baba yake alifariki mwaka 1836. Mwaka 1838 Mill aliandika makala ndefu juu ya Bentham, akimpa heshima yake yote, kisha akasema wazi kwamba mzee yule aliyajua maisha ya binadamu kwa uchache mno. Njia ya kupima hoja aliyofunzwa njiani Hornsey hakuiacha, aliigeuzia walioifundisha.

Kitabu chake mashuhuri kuhusu uhuru kilitoka mwaka 1859. Humo anatetea haki ya mtu mzima kufikiri na kuishi anavyoona, hata kama jamii nzima inachukia, mradi asimdhuru mwingine. Lakini aliweka mipaka. Watoto hawamo, na hilo linaeleweka. Hawamo pia watu wa mataifa aliyoyahesabu kuwa hayajastaarabika, ambao kwao utawala wa kiimla ulimtosha ikiwa nia ni kuwaendeleza. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa amelipwa mshahara kwa miaka 35 na kampuni iliyoitawala India. Alikuwa ameyahoji mengi aliyoyarithi kwa baba, lakini ofisi waliyofanya kazi pamoja haikupata swali kali kama yale mengine. Mtu anaweza kujifunza kufikiri mwenyewe na bado akabakiza chumba kimoja kisichofunguliwa.

Juu ya wanawake alifungua. Mwaka 1867, akiwa mbunge, alipendekeza wanawake wapewe kura. Wabunge 73 wakamuunga mkono, 196 wakakataa. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kuhusu wanawake kukandamizwa, na kitabu hicho ndicho kinachotuleta kwetu. Kilisomwa Makerere, kati ya mwaka 1943 na 1945, na mwanafunzi kutoka Butiama, Julius Kambarage Nyerere. Akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyachukua mawazo ya Mill na kuyapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Hakuhitaji kwenda maktaba kutafuta mifano. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Kazi za wanawake wale, na walivyotendewa, alizijua tangu anatambaa, miaka mingi kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12.

Tazama jinsi safari hizi mbili zilivyopishana. Mill alianza na majibu, swali likamfikia ukubwani. Kambarage alianza na jambo aliloliona kwa macho ya mtoto, lisilo na jina, na kitabu kikamkuta nalo tayari. Alichukua kwa Mill kilichomfaa. Fundisho la kwamba watu kama yeye hawajafikia umri wa kujitawala hakulichukua, na sote tunajua alichokifanya badala yake.

Ila na yeye alikuwa na chumba chake. Oktoba 1966, akiwa Rais, aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, wengi wao wa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, andiko linalotaka shule zetu zimjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, pamoja na kujiamini. Kati ya matukio hayo mawili imepita miezi mitano tu. Sehemu ya tatu itaanzia hapo, na msomaji aliye na nakala ya Elimu ya Kujitegemea nyumbani aitafute na kuisoma kabla ya juma lijalo.