Je, Wajua? Vita vya Jirani Vilipopitia Rhamu

Je, wajua kwamba vita vya Ogaden, kati ya Somalia na Ethiopia, viliua polisi wa Kenya hata kabla havijapamba moto? Mwishoni mwa Juni 1977, kikosi kutoka Somalia kiliingia Kenya na kushika njia ya Rhamu kikiwania kuingia Ethiopia, iliyo ng'ambo tu ya mto Daua. Kituo cha polisi kikashambuliwa.

Sheria ya jambo hilo ilikuwapo tangu miaka 70 nyuma. Mkataba wa Tano wa The Hague wa 1907 unawakataza wanaopigana kupitisha majeshi katika nchi isiyoegemea upande. Nchi hiyo ikiwazuia, hata kwa bunduki, haihesabiwi kuwa imeingia vitani.

Je, wajua pia kwamba kesi maarufu kuliko zote kuhusu nchi isiyoegemea upande ina alama yake katika bahari yetu? Meli Alabama iliundwa Birkenhead, Uingereza, ikaenda kuwapigania waasi wa kusini mwa Marekani. Iliteka meli zaidi ya 60, na Februari 1864 ilitia nanga Nzwani, Komoro. Vita vilipokwisha, Marekani ikaidai Uingereza: mbona uliacha meli hiyo itoke bandarini kwako, nawe wasema huna upande? Waamuzi 5 wakaketi Geneva, na tarehe 14 Septemba 1872 wakaiamuru Uingereza ilipe dola milioni 15.5 za dhahabu. Mwamuzi Mwingereza, Alexander Cockburn, alikataa kutia saini. Serikali yake ililipa.

Suala la Rhamu halikufika kwa waamuzi. Usuluhishi hauanzi mpaka pande zote mbili ziridhie, na Somalia ilishikilia hadi Februari 1978 kwamba waliopigana Ogaden ni wapiganaji wa ukombozi, si jeshi lake. Kenya nayo, tuseme kweli, isingefika mbele ya waamuzi na mikono safi: ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ethiopia tangu miaka ya 1960, na mwezi huohuo wa Februari iliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za kupelekwa Somalia kutua Nairobi.

Majirani walioridhia usuluhishi ni Ethiopia na Eritrea, baada ya vita vyao vya 1998 hadi 2000. Tume yao ilitoa hesabu ya mwisho ya fidia The Hague mwaka 2009: Eritrea ilipe dola milioni 174, Ethiopia ilipe zaidi ya milioni 160.