Besi ya Chama: Tulivyochagua Gitaa Lenye Sauti ya Zilipendwa

Kwa miaka mitatu bendi ya chama chetu imepiga kwa gitaa la besi la kuazima. Mwenyewe amehitimu, ameondoka nalo, na usiku wa zilipendwa wa muhula ujao uko palepale. Mkutano mkuu ulitenga pauni 350 kutoka kwenye michango ya wanachama ili tununue besi yetu wenyewe, na sisi wa kamati ya muziki tukapewa kazi ya kuitafuta. Wengi mmetuuliza imekuwaje wiki sita zipite kwa ajili ya gitaa lenye nyuzi nne tu. Makala haya ndiyo majibu, na tunatumaini yatamfaa pia mwanachama anayetaka kujinunulia la kwake.

Tulianza na masikio

Kabla ya kwenda dukani tulikaa tukasikiliza nyimbo ambazo bendi yetu inapiga. Katika muziki wa dansi magitaa ni mengi: kuna solo, kuna rithimu, na mara nyingi kuna solo la pili linalojaza katikati. Hayo yote yanacheza juu, kwa sauti nyembamba yenye makali. Besi inabaki chini pamoja na tumba, ikishikilia wimbo usianguke. Ikiwa nayo itakuwa na makali, magitaa yatagombana na hakuna kitakachosikika vizuri.

Basi tunaposema besi ina joto tunamaanisha hivi: noti ni nene, inaanza kwa kishindo laini, haina mlio wa chuma, na inazimika mapema kuipisha inayofuata. Msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kujitenga na Simba Wanyika. Besi yake iko mbele kabisa, karibu kama mwimbaji wa pili, na bado haimzibi mtu yeyote.

Wapenzi wa taarab wanaijua sauti hiyo kwa njia nyingine. Katika okestra za Unguja kama Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, kuna ile besi kubwa ya kusimama, inayofanana na fidla kubwa kuliko mpigaji wake. Sauti yake ni ya mbao na ya tumbo lenye uwazi. Besi ya umeme ilipotokea, kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika nafasi ya chombo hicho. Leo Fender wa California alianza kuuza Precision Bass mwaka 1951. Ilibebeka kwa mkono mmoja, ilisikika kwenye ukumbi wenye kelele, na vichuma vilivyopangwa shingoni vilimwezesha mpigaji kupata noti sahihi bila kubahatisha. Jina la Precision linatokana na usahihi huo.

Joto linatoka wapi?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti ya zamani nayo ina sababu zake, na nyingi hazihusiani na umri wa gitaa.

Ya kwanza ni nyuzi. Nyuzi za besi zina waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine. Waya wa nje ukiwa wa mviringo, uzi unakwaruza kidole na unatoa mlio mkali unaong'ara. Ukiwa bapa kama utepe, uzi unakuwa laini na ule ukali unapungua. Besi za umeme za mwanzo zilifungwa nyuzi bapa. Nyuzi za mviringo zilipata umaarufu katika miaka ya 1960, hasa hapa Uingereza, ambako Rotosound walizitengeneza kwa ushirikiano na John Entwistle wa The Who. Tangu hapo maduka mengi huuza besi zikiwa na nyuzi za mviringo, na mnunuzi hudhani ndiyo sauti ya gitaa lenyewe.

Ya pili ni pikapu, na hapa hatuzungumzii gari. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zikikaa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa na kwenda kwenye amplifaya. Karibu na daraja uzi hutikisika kwa mapana madogo, hivyo pikapu ya hapo hutoa sauti kavu, ya puani. Kadiri pikapu inavyosogea kuelekea shingoni ndivyo sauti inavyonenepa. Precision ina pikapu moja karibu na katikati, iliyogawanywa vipande viwili tangu mwaka 1957. Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ina mbili, na mpigaji anaweza kufunga ile ya darajani.

Ya tatu ni mkono. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi sana za Motown huko Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nzito, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Alikuwa na sponji chini ya kifuniko cha daraja ili noti isivume muda mrefu, na alipapasa nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mwanafunzi hawezi kukipata.

Magitaa matatu, pazia moja

Kwenye duka la vyombo vya mtumba tulikuta magitaa matatu yanayolingana na mfuko wetu. Fender halisi za miaka ya 1960 hatukuziulizia kabisa, kwani bei yake ni ya maelfu ya pauni.

La kwanza lilikuwa na umbo la fidla, kwa mfano wa Höfner ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961. Ni jepesi, shingo yake ni fupi, na kwa kuwa ndani lina uwazi, sauti yake ilikuwa karibu zaidi na besi ya kusimama. Wenzetu wa taarab walilipenda papo hapo. Tatizo ni ukumbi wetu. Jukwaa ni dogo, mpigaji husimama kando ya spika, na gitaa lenye uwazi likiongezwa sauti huanza kuvuma lenyewe.

La pili lilikuwa la kisasa: nyuzi tano, pikapu mbili, na saketi inayotumia betri. Vijana wa bongofleva walilitaka, na si bure, maana linashuka chini sana na lina sauti nyingi ndani yake. Hata hivyo, kwa nyimbo zetu uzi wa tano ungekaa bila kazi, na betri ikifa katikati ya wimbo, besi nayo inakufa.

La tatu lilikuwa Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender, la muundo wa Precision: nyuzi nne, pikapu moja, kidude kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Rangi imechubuka na hakuna anayeweza kuliita zuri.

Kwa kuwa mabishano hayakuwa na mwisho, muuzaji aliturudisha nyuma ya pazia tusione. Mpigaji wetu akapiga kipande kilekile kwa magitaa yote matatu, kisha kwa lile la tatu mara mbili zaidi: toni ikiwa imefunguliwa yote, halafu ikiwa imefungwa hadi robo na kipande cha sponji kimewekwa darajani. Tulikuwa saba. Watano tulidhani safari ya mwisho ni gitaa jingine kabisa, na sita tuliichagua. Mabishano yakaishia hapo.

Tulichokagua kabla ya kulipa

Gitaa la mtumba hukaguliwa kama baiskeli ya mtumba. Tulitazama shingo kwa ubavu, kuanzia darajani, kuona kama imepinda. Nyumba za hapa hupashwa moto miezi mingi, hewa hukauka, kisha unyevu unarudi, na mbao hufuata hali hiyo. Ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaorekebisha mpindo. Tulimwomba muuzaji athibitishe kwamba unazunguka. Tulipiga kila noti kwenye kila uzi tukisikiliza kama kuna inayokwaruza. Tulizungusha vidude polepole, kwa sababu vikikohoa vinahitaji kusafishwa. Mwisho tulilivaa gitaa kwa mkanda kwa dakika 20, maana kilo 4 si kitu dukani lakini ni mzigo baada ya saa mbili jukwaani.

Hesabu yenyewe ni hii. Gitaa pauni 240. Seti ya nyuzi bapa pauni 42. Fundi wa kurekebisha shingo na urefu wa nyuzi pauni 35. Begi na waya pauni 33. Jumla pauni 350, na risiti ziko kwa mweka hazina. Ushauri wetu kwa anayenunua la kwake ni huu: usimalize fedha zote kwenye gitaa. Bakiza za nyuzi na fundi, kwani gitaa la kawaida lililofungwa vizuri hulishinda la gharama lililotelekezwa.

Mali ya chama

Kuna sababu moja zaidi iliyotufanya tuchague gitaa rahisi. Bendi nyingi za Tanzania za enzi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilikuwa chini ya vyama na mashirika, na vyombo vilikuwa mali ya wenye bendi. Wanamuziki walihama, vyombo vikabaki, na anayeingia alipokea gitaa lililoachwa na mwenzake. Chama cha wanafunzi kinaishi vivyo hivyo. Mpigaji wetu wa sasa anahitimu mwakani. Hatumjui atakayempokea, wala ukubwa wa mikono yake, wala nyimbo anazozipenda. Tulimnunulia na yeye, na ndiyo maana tulitaka kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukitengeneza na mwanafunzi yeyote anaweza kukianza.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Besi inatunzwa kwenye kabati la chama, mbali na kipasha joto, na anayeichukua anasaini daftari. Nyuzi zisibadilishwe bila kuiuliza kamati, hata zikionekana zimechakaa. Nyuzi bapa hudumu miaka, na kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyopoa ukali. Sponji iliyo darajani si takataka, tafadhali msiitupe.

Mazoezi ni kila Alhamisi jioni. Walimu nao wanakaribishwa, na tumesikia kwamba wawili kati yao waliwahi kupiga rithimu.