Nywele Kunyonyoka Baada ya Kujifungua: Je, Dawa za Mimea Zinasaidia?

Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, mama wengi huona nywele nyingi zikibaki kwenye kitana. Hii hutokana na homoni. Wakati wa ujauzito estrojeni huwa nyingi, na nywele ambazo zingedondoka huendelea kukaa kichwani. Ukishajifungua, homoni hiyo hushuka na nywele hizo hutoka kwa pamoja. Si ugonjwa. Kwa wengi, nywele hurudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Vidonge vya mimea

Saw palmetto ni mmea wa jamii ya mitende unaoota kusini-mashariki mwa Marekani. Vidonge vyake huuzwa kuzuia upara wa kurithi, kwa kulenga homoni ya kiume iitwayo DHT. Nywele za baada ya uzazi hazitoki kwa sababu ya homoni hiyo. Isitoshe, DHT inahitajika ili viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume vikue vizuri tumboni. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usivimeze.

Mafuta ya rozimari

Utafiti mmoja wa mwaka 2015 ulihusisha watu 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi 6, mafuta ya rozimari yalitoa matokeo yanayokaribiana na ya dawa ya minoxidil ya asilimia 2. Ni utafiti mdogo, na haukuhusu mama waliojifungua. Ukitaka kuyapaka, changanya matone machache na mafuta ya nazi, na jaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono. Usimpake mtoto mchanga, na weka chupa mbali na watoto.

Unachoweza kufanya sasa

- Kula maharage, dagaa, mayai na mboga za majani.
- Endelea na vidonge vya kuongeza damu kama ulivyoelekezwa kliniki.
- Epuka misuko inayobana. Huvuta nywele na kuzing'oa.

Nenda kituo cha afya ikiwa:

- mtoto amepita mwaka na nywele bado zinatoka sana;
- una mabaka yasiyo na nywele, au ngozi ya kichwa inauma;
- unachoka kupita kiasi, unasikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio.

Huenda ni upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo, na yote mawili yana matibabu. Beba kila dawa unayotumia, ikiwemo ya asili, umwonyeshe mhudumu.