Nishati giza si nguvu za giza

Kila elimu ya anga inapozungumzwa mbele ya watu, mkono ule ule hunyanyuka. Maada giza na nishati giza si kitu kimoja? Na kitu hicho si ndizo nguvu za giza wanazozitaja wahubiri na waganga? Huuliza mwanafunzi, huuliza na mwalimu wake. Jibu ni hapana kwa swali la pili, bila mjadala. Kwa la kwanza, baadhi ya wanafizikia wamejaribu kusema ndiyo, na vipimo vimewabana.

Kosa limeanzia kwenye neno. Usiku usio na mwezi pale Nyakahura, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, malori ya mpakani Rusumo yakishapita, giza linalobaki barabarani ni ukosefu wa mwanga tu. Giza la maada giza ni jambo jingine: mwanga hupita ndani yake bila kuzuiwa, na yenyewe haiutoi wala haiumezi. Ingeitwa maada isiyoonekana, nusu ya maswali yangekwisha. Nishati giza nayo ilipata jina mwaka 1998, pale timu ya Saul Perlmutter na ile ya Brian Schmidt na Adam Riess zilipopima mwanga wa nyota zilizolipuka mbali sana, zikakuta ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kisababishi hakikujulikana, kikaitwa giza. Hakuna jini wala laana katika hesabu hizo.

Anayedai kuivuta nishati hiyo kwa hirizi, jiwe au maji ya chupa apewe hesabu ifuatayo. Darasa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 10 na kimo cha mita 3 lina nishati giza isiyotosha kuinua punje moja ya haragwe hata kwa milimita moja. Tena haichoteki, maana imeenea sawasawa kila mahali, na maji hayatiririki penye usawa. Maada giza nayo, kwa wingi uliokadiriwa katika ujirani wa Jua, ni kama nusu kilo tu ndani ya Dunia nzima kwa wakati wowote, na hupenya miili yetu bila kugusa chochote. Haiponyi, haidhuru, haileti utajiri. Mgonjwa aliyelipa fedha kwa ajili yake ameibiwa, na kibaya zaidi amecheleweshwa kufika hospitali.

Vitu hivi vinajulikana kwa kazi zake, na ushahidi mmojawapo ulipita jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Iligundua kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Coma, hutoa eksirei kutoka eneo pana, na ikaja kuthibitika kuwa zinatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ya moto kiasi hicho ingetawanyika zamani kama mvutano ungekuwa wa vitu vinavyoonekana peke yake. Kuna kinachoishikilia.

Maada giza hukusanya. Nishati giza hutawanya. Hapo ndipo wenye kumtaja Einstein hukosea, wakisema maada na nishati ni kitu kimoja, basi shauri limekwisha. Chukua sanduku la anga na urefishe kila upande mara mbili. Msongamano wa maada ndani yake unashuka mara nane. Wa nishati giza, kadiri ilivyopimwa kwa miaka mingi, haushuki au hushuka kidogo sana. Mlinganyo wa Einstein haufuti tofauti hiyo.

Nadharia za kuziunganisha zipo. Mwaka 2001 Kamenshchik, Moschella na Pasquier walipendekeza gesi moja, yenye jina la Mrusi Chaplygin, inayotenda kama maada ulimwengu ukiwa mchanga na kama nishati giza ukizeeka. Mwaka 2004 Sandvik na wenzake walionyesha kwamba katika umbo lake la kawaida gesi hiyo ingevuruga mpangilio wa galaksi tunaouona. Luca Amendola, mwaka 2000, aliziacha ziwe mbili zinazopeana nishati. Wazo hilo bado linapimwa. Jamie Farnes, mwaka 2018, alileta kimiminika chenye masi hasi, na wengi hawajashawishika. Vipimo vya DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, vya 2025 vinadokeza kuwa nishati giza huenda inapungua nguvu, lakini ushahidi haujatosha kutangaza ugunduzi.

Anayetaka kuanza kujionea hahitaji mganga. Usiku usio na mwezi katikati ya Desemba, saa tano, mawingu yakipisha, asimame Nyakahura mbali na taa. Kaskazini-magharibi atafute doa hafifu la galaksi ya Andromeda, ambayo Vera Rubin na Kent Ford waliipima mzunguko wake mwaka ule ule wa 1970 na kukuta gesi ya pembezoni inakwenda kasi kuliko ilivyotarajiwa. Kisha ageukie kusini, chini kidogo angani: kipande kile cheupe kama moshi ni galaksi ya Wingu Kubwa la Magellan, nalo limeshikwa na maada ile ile isiyoonekana.