Joto, Jasho na Tumbo Lililopunguzwa

Wiki chache zilizopita tulifika Umoja, mashariki mwa Nairobi, kumjulia hali dada yetu mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Jina lake tunalisitiri, ila ameturidhia tuyaeleze yaliyomfika ili wenziwe wazinduke.

Bibi huyu alikuwa na kisukari, na magoti yake yalikwisha kuchoka kubeba mwili. Wiki ya saba baada ya upasuaji, nguo zilianza kumlegea na moyo ukajaa matumaini. Mpwa wake akamwambia kwamba ipo yoga ifanywayo katika chumba cha joto, na kwamba jasho lake huyayusha mafuta. Madarasa hayo yalikuwa mbali na ada yake nzito, basi wakajitengenezea lao nyumbani: chumba cha juu chini ya mabati, saa saba mchana, madirisha yamefungwa, na jiko la makaa pembeni. Dakika ishirini hazijatimia, bibi akaona giza, akaanguka. Jirani aliyesikia kishindo ndiye aliyefungua mlango. Hospitalini alitiwa maji kwa mshipa, na kwa rehema ya Mola akarejea nyumbani jioni.

"Sheikh, kosa langu ni lipi?" alituuliza. "Mimi nilitaka afya tu."

Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Sisi si matabibu, lakini haya ni mambo ambayo matabibu wamekwisha kuyabainisha.

La kwanza ni jiko. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, na huweza kuishia mautini. Hatari hiyo humhusu kila mtu, mzima na mgonjwa.

La pili ni maji. Yoga ya joto, kama alivyoieneza Bikram Choudhury, Mhindi aliyehamia Marekani, ina mikao 26 ifanywayo kwa dakika 90 katika joto la nyuzi 40 hivi. Mtu huweza kutoka jasho la lita moja au zaidi. Mwenye tumbo kamili hunywa bilauri kadhaa akafidia. Lakini upo upasuaji unaoondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Na upo mwengine unaobakisha kifuko kidogo tu kilichounganishwa na utumbo. Aliyefanyiwa hayo hawezi kugugumia maji. Hunywa funda moja moja mchana kutwa hadi afikishe lita moja na nusu. Ndiyo maana upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za wagonjwa hawa kurejeshwa hospitali. Tena jasho si mafuta: uzito unaopungua chumbani humo ni wa maji, nao hurudi mtu anywapo.

La tatu ni dawa na mshono. Mtu akikonda kwa haraka, dawa zake za zamani za presha na sukari huweza kuwa kali kupita kiasi, na joto likazidisha kizunguzungu. Na jeraha la nje likifumba, la ndani lingali linapona. Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo hutakiwa asinyanyue mizigo wala asikaze misuli ya tumbo, kwa kuchelea ngiri.

Je, akae kitako asijitikise? La, hasha. Kutembea huanza hospitalini penyewe. Baada ya wiki hizo, daktari mpasuaji akiridhia, anaweza kuanza yoga nyepesi katika chumba chenye hewa, akiepuka mikao ya kulalia tumbo na ya kuinamisha kichwa. Joto lisubiri miezi, mpaka aweze kunywa maji yake yote ya siku bila taabu, na daktari apitie upya dawa zake. Siku hiyo ikifika, amweleze mwalimu hali yake, akae karibu na mlango, aanze kwa dakika chache, asiwe peke yake, wala asiende akiwa amefunga saumu au mjamzito. Akihisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, atoke mara moja. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, ni dalili kuwa maji hayatoshi. Wala asikimbilie soda au sharubati: sukari nyingi ikishuka utumboni kwa ghafla huleta msokoto wa tumbo, jasho na udhaifu.

Huenda msomaji akauliza hukumu ya yoga yenyewe. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga iliyochanganywa na ibada na maombi ya dini nyengine. Kunyoosha viungo kwa ajili ya afya, pasipo maneno hayo na kwa kuchunga sitara, ni jambo jengine.

Jambo hili si la mtu mmoja. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Dada zetu wengi wanatafuta njia, na mwenye haraka huokota yoyote iliyo karibu.

Bibi wetu sasa hutoka kila asubuhi kabla ya jua kali, akatembea na jirani yule yule aliyemfungulia mlango. Chupa ya maji iko mkononi, na jiko limerejea jikoni kwenye dirisha wazi.